Siku Kiboko Alipopimwa Unene wa Ngozi

Ngano, ngano!

(Ije na vumbi lake!)

Ikija imechoka?

(Tutaiwekea kigoda!)

Ikija na uongo?

(Tutaulaza katikati!)

Basi sogeeni. Lakini kwanza naomba radhi, na naiomba mapema kabla hamjaanza kunizomea. Ngano hii mimi naiharibu. Marehemu shangazi yangu Mwanasiti alikuwa akiisimulia, watu wanashika mbavu. Mimi nikiisimulia, watu wanashika viatu, wanaondoka. Mlioketi karibu na mlango nimeshawaona. Haya.

Alikuwapo Kiboko. Mkubwa! Akilala, bwawa linapanda. Akiinuka, bwawa linashuka. Akipiga mwayo, jua linaingia kinywani linaona mpaka majani ya juzi.

Mwaka huo mvua iligoma. Mto ukakatika vipande, vipande vikakauka kimoja kimoja, likabaki bwawa moja la tope jingi na maji machache. Na katikati ya hayo machache, nani kalala? Kiboko. Swala akija kunywa, Kiboko anafanya "Mfff!" Swala mbio. Ngiri akija kunywa, "Mfff!" Ngiri mbio, mkia juu. Chura akija kunywa... lakini Chura hakuwa mtu wa kuja. Chura alikuwa mkaazi wa humo humo, yeye na watoto wake viluwiluwi, weusi, wamejazana ukingoni kama punje za mtama uliomwagika.

Asubuhi moja Kiboko akatoa kichwa, akatangaza:

"Sikilizeni nyote! Maji yamebaki kidogo, na hicho kidogo sikigawi. Mwenye ngozi nene kuliko wote ndiye mwenye bwawa. Ngozi nene inachelewa kulowa, inataka maji mengi. Ninyi wa ngozi nyembamba, hata umande unawatosha."

"Na wanangu, Bwana Mkubwa?" Chura akauliza. "Wale hawana pengine pa kwenda. Hata miguu hawajaota."

"Wanao wananiwasha tumbo. Kesho nikiwakuta, nawalalia."

Mama wa watu akawatazama wanawe, akalitazama lile tumbo. Tumbo lilikuwa kubwa kuliko ukoo mzima.

Sasa, kulikuwa na siri, na mwenye siri ni Kiboko mwenyewe. Ngozi yake nene, hapo hatumsingizii. Nene kama mlango wa ngome! Lakini ilikuwa haivumilii. Mbu akimtua sikioni, machozi. Ndege akimdonoa kupe mgongoni, Kiboko anazamisha kichwa upesi, analilia huko huko chini: blubu-blubu-blubu! Akimaliza anainua uso, anatazama mbali kama mzee anayewaza mambo ya nchi. Miaka yote hiyo kila aliyekuwa juu ya maji alimwogopa. Usiku wa kuamkia siku hiyo alilia kwa sababu ya jani.

Kila aliyekuwa juu ya maji, nimesema. Chura alikuwa anakaa chini.

"Sheria nzuri sana hiyo, Bwana Mkubwa," Chura akasema, mpole kama mkwe siku ya kwanza. "Ila unene tumeusikia tu, hatujauona kwa kipimo. Naomba upimwe."

"Upimwe?" Sauti ya Kiboko ikapanda kidogo.

"Upimwe kitaalamu, ili kesho mtu asije akasema umejitwalia. Au Bwana Mkubwa anaogopa?"

Swala kasimamisha masikio. Ngiri kasimamisha masikio. Hata kupe mgongoni waliacha kutafuna. Aseme nini? Aseme, jamani, mimi mwenzenu nalia kwa jani?

"Mimi? Niogope? Ha. Ha." Kicheko kilitoka kikavu kama kikohozi. "Aitwe mpimaji!"

Akaitwa Nungunungu. Huyu alikuwa mtafiti, anatembea na vifaa vyake mgongoni, chaka-chaka-chaka. Kila mwiba una pete nyeupe, pete nyeusi, pete nyeupe, pete nyeusi, vipimo tayari. Alikuwa mmoja wa wale wasomi ambao ukiwauliza saa ngapi, wanakuanzishia habari za jua lilikotoka.

"Utafiti wangu ni mwepesi," akasema, akichomoa mwiba. "Nasukuma. Mpimwa akipiga kelele, hapo ngozi imekwisha na nyama imeanza. Nasoma pete."

"Na asipopiga kelele, Mwalimu?" Chura akauliza.

"Basi ngozi bado inaendelea."

"Hata akinyamaza kwa ubishi tu?"

"Utafiti hauna chombo cha kupima ubishi."

Chura akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeridhika na elimu.

Akaanza Swala. Nungunungu akasukuma. Tii! "Uwii!" Pete moja.

Akafuata Ngiri. Nungunungu akasukuma. Tii, tii, tii! "Uwii!" Pete tatu, na tusi moja ambalo mtafiti hakulihesabu.

Akabaki Kiboko.

Alitoka majini polepole, na kila hatua aliona ni fupi mno. Akajiambia, nitafikiria majani mabichi. Nitafikiria mvua. Nitauma meno. Yeye ni Kiboko bwana, meno anayo! Akaona wanyama wote wamekaa mbele, kimya, wanamtazama kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi, maana alijua inakwenda wapi.

"Tayari, Bwana Mkubwa?"

"Tayari siku zote," akasema, macho kayafumba.

Nungunungu akasogeza mwiba. Haujaingia, wenzangu. Haujasukumwa. Ncha imegusa tu, kama nzi anavyogusa uji...

"UWIIIII! MAMAAA! MAMA YANGU WEEE!"

Na sauti yenyewe nyembamba! Ile "mfff" yote ya miaka yote, kumbe ndani yake mlikuwa na kifaranga.

Ndege wakaruka mitini. Kiboko akatazama chini. Hakukuwa na maji ya kuzamishia kichwa, palikuwa na nyasi tatu na macho ya watu.

Nungunungu akautazama mwiba, akaugeuza, akautazama tena.

"Sifuri," akatangaza. "Haujaingia hata robo ya pete. Kwa mujibu wa utafiti, Bwana Kiboko hana ngozi."

"Hana nini?" Ngiri akauliza, mkono sikioni.

"Hana ngozi kabisa. Ni nyama iliyokaa wazi."

Swala akaanza kucheka kwa pua. Ngiri akalala chali, miguu juu. "Shemeji, jifunike! Utapata baridi!"

"Samahani," kikasema kisauti cha chini. "Na mimi sijapimwa."

Chura alikuwa amekaa ukingoni, penye tope laini. Akatandaza mguu, akapanua vidole.

"Nipime hapa, Mwalimu. Ukoo wetu unene wote uko mguuni."

Nungunungu akainama. Yeye akipima haoni kingine ila pete. Mwiba ukapita katikati ya kidole na kidole, ukaingia topeni. Tii.

"Unaumwa?"

"Bado."

Tii, tii.

"Na sasa?"

"Hapo unanitekenya."

Tii, tii, tii. Pete nyeupe ikazama, pete nyeusi ikazama, nyeupe, nyeusi, mpaka Nungunungu akabaki kashika hewa na mwiba mzima haupo.

"Vipimo vimeniishia!" akapiga kelele, akitetemeka kwa furaha ya elimu. "Mwiba umekwisha na ngozi bado inaendelea! Katika maisha yangu ya utafiti sijaona!"

Lakini Kiboko aliona. Alikuwa amelaza kichwa chini kwa aibu, jicho lake liko sawasawa na ule mguu. Aliuona mwiba ukipita pembeni. Aliliona tope likifumba. Kumbe! Akafungua kinywa.

"Lakini huo mwiba..."

"Ndiyo, Bwana Mkubwa?" Chura akamgeukia, macho makubwa, hayana dhambi. "Kama una shaka na kipimo, ni haki yako. Turudie. Tunaanza na wewe."

Nungunungu keshachomoa mwiba mwingine. Huu ulikuwa mrefu zaidi. Chaka.

Kiboko akautazama mwiba. Akamtazama Chura. Ukweli alikuwa nao pale pale ulimini, mzito, mtamu, wa kumrudishia bwawa lake lote. Ilibidi achomwe mara moja tu ili auseme.

Akafunga kinywa.

"Nilikuwa napiga mwayo," akasema.

Basi bwawa likawa la Chura, naye akawaruhusu wakanywa. Swala akanywa, hakuna "mfff." Ngiri akanywa, akaoga, akanywa alimooga. Kiboko alikwenda kujificha nyuma ya kichaka, na kichaka kikamfunika pua tu. Jua likampiga. Kila aliyepita alimsalimia, na kila salamu ilikuwa na kicheko ndani. Ikafika mahali aibu ikakosa pa kukaa moyoni, ikaanza kumtoka mwilini, matone mekundu, mgongo mzima. Ndiyo ile mnayoiona mpaka leo mkadhani ni jasho.

Jua lilipopoa akarudi, anatembea kwa ncha za kwato.

"Bi Chura."

"Naam, jirani."

Jirani! Asubuhi alikuwa Bwana Mkubwa.

"Ngozi yangu... hiyo ambayo sina... inapasuka. Naomba hata pembeni."

"Na wanangu? Utawalalia?"

"Nitaacha macho juu, nawaangalia wanapopita."

Chura akafikiri. Viluwiluwi wakasogea, wakampisha kidogo, na Kiboko akajiingiza majini polepole, tumbo kalibana kama bibi harusi aliyeazima gauni.

"Na nikitaka kulia?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Lilia juu, baba. Huko chini unatuamshia watoto."

Ndiyo maana Kiboko hukaa majini macho na pua nje. Na majani huenda kuyala gizani, maana mchana bado wapo wanaouliza kama amepona ngozi.

Ngano yangu imekwama topeni. Mwenye kamba aivute, mwenye jembe aizike.

(Tumeizika!)

Na funzo lake, watoto, ni hili: ukiwa mkubwa, lala katikati ya maji ya watu na usisogee. Usiibe, usidanganye, usipimwe. Ukilazimika kupimwa, sali umpate mtaalamu. Na ukishindwa yote hayo, uwe mwongo mdogo wa kijani.

Najua mtaniuliza. Wanyama wote wale wamekaa pale, hata mmoja hakuuona mwiba ukiingia topeni? Waliuona. Lakini walikuwa na kiu, msiwalaumu. Na mimi nilikuwapo, nimeshakunywa chai yangu nyumbani, nimeshiba, sina kiu yoyote, na ndimi niliyeanza kumpigia Chura makofi.