Mwalimu Aliyemwonea Wivu Mtafsiri wa Filamu

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba ya Mwalimu Mrutu lilikuwa hili: alichukua kofia yake aende sokoni, na mkewe Namkunda akamwambia kutoka jikoni, kama siku zote, "Nenda, Bwana Mizani. Chai nitaifunika."

Aliporudi, chai ilikuwa imefunikwa kwa kisosi, na Namkunda alikuwa sakafuni. Presha. Hakuamka tena.

Bwana Mizani lilikuwa jina la ndani. Mwalimu alifundisha fizikia miaka mingi pale Same, na hakuamini kitu kabla ya kukipima. Nje ya kuta zile hakuna aliyelijua jina hilo, hata binti yao Nanzia. Ndivyo alivyodhani.

Matanga yalipokwisha, Mbwambo, kaka wa marehemu, alimjia Jumapili mchana.

"Shemeji, utaoza humu ndani. Twende ukumbi wa video. Leo wanaonyesha ile ya mwisho ya safari za nyota, ile aliyoipenda dada."

"Iliyotafsiriwa?"

"Ndiyo, iliyotafsiriwa."

"Hao watafsiri huharibu Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja, tena kwa kipaza sauti."

"Basi twende ukawasahihishe."

Alikwenda. Filamu yenyewe aliijua. Yeye na Namkunda waliitazama kwenye sinema ya Moshi wakiwa wachumba. Ni ya saba na ya mwisho: chombo kimechakaa, nahodha amezeeka, na ili wenzake wapone lazima abaki peke yake akiongoze chombo hadi ndani ya nyota inayokufa. Siku ile Namkunda alilia. Mwalimu alimweleza kwa upole kwamba angani hakuna hewa, kwa hiyo mlipuko ule usingesikika.

Sasa pale ukumbini sauti ya mtafsiri, DJ Stambuli, iliyorekodiwa juu ya filamu, ilifunika sauti zote. Alikuwa nahodha, alikuwa daktari wa kike, alikuwa hata mashine. Watu walicheka na kupiga makofi. Ikafika sehemu ya kuagana. Mwalimu aliikumbuka vizuri: kwa Kiingereza daktari husema neno moja tu, "Nahodha," kisha mlango hufungwa.

Stambuli akasema, kwa sauti nyembamba ya kike: "Nenda, Bwana Mizani. Chai nitaifunika."

 Mama mmoja akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Mwalimu aliinuka kitini. Maneno yale hayakuwa ya filamu, yalikuwa ya jikoni kwake. Mtu hawezi kuyajua mpaka awe ameambiwa, na maneno ya namna ile hayasemwi barabarani. Hapo akazikumbuka Jumamosi. Namkunda alikuwa mkunga. Kila Jumamosi alisema zahanati imejaa wajawazito, na jioni alirudi akiimba. Tangu lini mkunga aliyechoka akarudi anaimba?

Hakungoja filamu iishe. Alizunguka nyuma ya ukumbi, kwenye chumba cha kurekodia, akasukuma mlango.

Stambuli alikuwa mwanamume wa makamo, mnene, amevaa shati la maua, anamenya chungwa. Wivu una macho yake: kitu cha kwanza Mwalimu alichokiona ni kwamba ana meno mazuri.

"Nani kakupa maneno ya yule daktari?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Nimekuuliza."

"Dada Namkunda."

"Kwako ni Mama Nanzia."

Stambuli akaliweka chungwa chini. "Mama Nanzia. Kiingereza changu mimi ni cha kuombea maji. Yeye alikuwa anapita Jumamosi akitoka kazini, anasikiliza, ananieleza, mimi narekodi. Hakutaka ujue. Alisema utamcheka."

"Mlikuwa wawili humu?"

"Wawili, na mlango wazi. Humu ni tanuri, si unaona?"

"Mkiongea nini?"

"Wewe."

"Usinichezee, Stambuli."

"Mwalimu, acha nikwambie ukweli, maana mwenyewe hayupo wa kunizuia. Mimi nilikuwa sikupendi. Nahodha akipima mafuta mara mbili, utasikia, 'Huyo mume wangu.' Nahodha akikataa kula mpaka vijana wake wale kwanza, 'Huyo mume wangu.' Mke wangu mimi alishaniacha, halafu kila Jumamosi nakaa hapa nasikia mume wangu, mume wangu! Nikamwuliza, huyo mtu yupo kweli, au tunamtunga humu ndani? Siku moja nikakuona sokoni unagombana na muuza nyanya juu ya mizani yake. Nikasema, Mungu wangu, ndiye huyu?"

Mwalimu aliinyoshea kidole kompyuta iliyokuwa mezani.

"Yafute."

"Yapi?"

"Maneno yangu. Yafute kwenye kompyuta."

Stambuli alimtazama, akashusha pumzi. "Ni haki yako. Lakini mimi mkono wangu hautaweza. Njoo kesho asubuhi, nitakuonyesha pa kubonyeza, ubonyeze mwenyewe."

Mwalimu alirudi nyumbani kwa miguu. Alikwenda kumtafuta mtu aliyemwibia, akamkuta mtu aliyekuwa akimwonea wivu yeye. Hata hivyo wivu haukuisha. Sasa alimwonea Stambuli wivu mwingine, mbaya kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa yule mtu aliyasikia ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuyasikia. Namkunda hakumwambia hata siku moja kwamba anamfananisha na nahodha. Au pengine alimwambia, siku ile kule Moshi, naye alikuwa anaeleza habari za hewa.

Asubuhi yake alifika kabla ukumbi haujafagiliwa. Stambuli aliwasha kompyuta, akaitafuta sehemu ile, akamwonyesha pa kubonyeza. Mwalimu hakupagusa.

"Alikuwa anakaa wapi?"

"Kiti hicho cha plastiki, karibu na mlango."

Mwalimu akakivuta kile kiti, akakikalia, asije akakikalia mtu mwingine.

"Weka ile filamu ya kwanza," akasema. "Naambiwa umewadanganya watu kwamba nyota huwaka kwa mafuta ya taa. Nitakueleza, nawe urekodi. Tuanze upya."

Funzo: Wivu humtafuta mwizi hata mahali ambapo hakuna kilichoibwa. Kabla hujamwuliza mtu amechukua nini kwako, mwulize amesikia nini juu yako. Mpelekee habari hii mtu ambaye mwenzi wake yu hai. Yeye bado ana wa kumwuliza.