Kavishe na Wenzake

Wa pili kutajwa, wa kwanza kusahaulika. Vijana watatu wa shahada ya uzamili waliisikia methali hii kwa karani wa idara, aliyewakuta wakibishana jina la nani litangulie kwenye makala yao. Aliisema akipita, akaenda zake na chai yake. Wakamuuliza Mzee Chuwa, mhadhiri mstaafu ambaye bado alikuja maktabani kusoma magazeti, imetoka wapi. Mzee akakunja gazeti. Methali hii, akawaambia, haikutoka mbali. Ilizaliwa katika idara hii hii, na ilianza hivi.

Palikuwa na mhadhiri aliyeitwa Atupele Mwambene, mwenyeji wa Rungwe. Wenzake walipokwenda likizo kupumzika, yeye alikwenda kwao kukaa misibani. Hakwenda kulia tu, alikwenda kusikiliza. Alikuwa amegundua kwamba wanawake wa kule wanapoomboleza huyasema ndani ya kilio mambo ambayo nje ya kilio wangenyamazishwa: nani alimnyima marehemu nauli ya kwenda kutibiwa, shemeji gani ameanza kulipima kwa macho shamba la mjane. Mwanamke anayelia hakatizwi. Atupele akaliita jambo hilo baraza la kilio, na baada ya miaka mingi ya kukaa kwenye mikeka ya watu akaliandikia makala. Ilifunguliwa na wimbo ambao mama yake mzazi aliuimba akimlilia dada yake.

Katika kazi hiyo alikuwa na wenzake wawili. Ngowi, mwalimu wa muziki, aliziandika nyimbo kwa nota. Gaudensi Kavishe alikuwa rafiki yake tangu masomoni. Walishiriki chumba kimoja cha ofisi na mara nyingi sahani moja ya mchana. Kavishe aliinyoosha lugha, akaongeza sehemu ya nadharia. Mswada ukapelekwa kwenye jarida ukiwa na majina kwa mpango huu: Mwambene, Kavishe, Ngowi.

Jarida likaukubali, ila kwa sharti kwamba marejeleo yote yapangwe upya kwa mtindo wao. Mwaka ufuate jina, majina ya vitabu yawe katika herufi za mlazo, nukta ikae hapa na koma pale. Tena kazi yoyote yenye waandishi watatu au zaidi itajwe kwa jina la mwandishi wa kwanza peke yake, waliobaki wafunikwe kwa maneno mawili, "na wenzake". Muda waliopewa ulikuwa mfupi.

Habari hizo zilimkuta Atupele hospitalini, kando ya kitanda cha mama yake, aliyekuwa akipumua kwa msaada wa oksijeni. Kavishe akajitolea kuifanya kazi ile, na haki lazima isemwe, aliifanya vizuri. Ni kazi ya kuumiza macho, na hakuacha nukta nje ya mahali pake. Alipoufikia ukurasa wa majina, akampigia Atupele simu. Akamuuliza kama isingekuwa vyema kuyapanga kwa alfabeti, kama wafanyavyo wengine, ili pasiwe na maneno baadaye. Atupele alikuwa ameushika mkono wa mama, anazisikiliza pumzi zinavyopishana. Akajibu apange anavyoona, majina ni majina tu. Kesho yake mama akafariki.

Makala ikatoka: Kavishe, Mwambene, Ngowi. Mwanzoni Atupele hakuona ubaya. Kisha watu wakaanza kuitumia, na kila aliyeitumia aliandika "Kavishe na wenzake", kwa kuwa ndivyo mtindo ulivyotaka. Baadaye hata hao "wenzake" wakaanguka njiani, ikabaki "nadharia ya Kavishe". Kavishe akaalikwa huku na huko, akapanda hadi uprofesa, akahamia ofisi yake mwenyewe. Hakusema uongo hata siku moja. Kila alipohutubia alisema "mimi na wenzangu". Atupele alimpongeza, na kwa moyo safi, lakini pongezi zilikuwa zikimpungua mdomoni. Siku moja darasani mwanafunzi aliusoma wimbo wa mama yake kwa sauti, akasema ni wimbo wa Kavishe. Atupele alimwambia akae, akaendelea kufundisha.

Ndipo akaandika makala nyingine, safari hii peke yake, kuhusu nyimbo za wazee aliowarekodi kabla hawajafa, ukiwamo ule wa mama yake. Mswada ulisomwa bila jina la mwandishi, kama ilivyo desturi, nao ukarudi na maoni makali. Mwandishi huyu, waliandika wahakiki, ameazima hoja nzima ya Kavishe na wenzake bila kukiri. Hata wimbo aliounukuu ni wao. Awataje ipasavyo, la sivyo makala ikataliwe.

Atupele akaichukua karatasi, akaenda kwa Profesa.

"Kaka Gaudensi, soma hapo."

Kavishe akasoma, akavua miwani. "Hawajui kwamba ni wewe. Hapakuwa na jina."

"Wewe unajua. Waandikie."

Profesa akaiweka karatasi mezani. Kisha akaeleza taratibu kwamba barua ya namna hiyo ingezua maswali, watu wangefukua hata mambo ya kupandishwa kwake cheo, na jina la idara lingechafuka.

"Isitoshe nilikuuliza, Atu," akamalizia. "Ulisema majina ni majina tu."

"Uliniuliza mama yangu akikata roho."

"Sikujua hali imefika huko."

"Ulijua niko hospitali. Na hiyo alfabeti uliikumbuka kwangu tu. Makala zako nyingine hazina alfabeti."

Kavishe akazitazama karatasi zilizokuwa mezani. "Wataje wanavyotaka, yaishe. Na wewe si umo humo kwenye 'wenzake'?"

Atupele akasimama. Mlango ulikuwa wazi, na waliokuwa wakingoja kumwona Profesa wakasikia.

"Umenifanya wa pili kutajwa," akasema, "nimekuwa wa kwanza kusahaulika."

Hakupiga kelele. Akarudi ofisini kwake, akaketi mbele ya kompyuta. Angeweza kuiondoa makala, na alitamani kuiondoa. Lakini ndani yake mlikuwa na sauti za wanawake waliomkaribisha kwenye mikeka yao, ambao sasa wote walikuwa udongoni, wala hapakuwa na mwingine wa kuzitoa. Basi chini ya wimbo wa mama yake akaandika, kwa vidole vyake mwenyewe: Kavishe na wenzake. Akaweka mwaka, akaweka nukta.

Makala hiyo ikachapishwa. Hakuandika tena na mtu, wala yeye na Kavishe hawakula tena sahani moja. Atupele alipostaafu, Profesa alitoa hotuba nzuri ya kumuaga, akawashukuru wote waliofanya kazi pamoja naye.

Mzee Chuwa akalikunjua tena gazeti lake. Kijana mmoja akauliza kama Kavishe aliwahi kusahihisha. Mzee akasema hakuwahi, na kwamba wimbo ule unafundishwa mpaka leo.

"Tumeusoma sisi wenyewe," binti mmoja akasema polepole. "Uliulizwa hata kwenye mtihani. Huyo Mwambene ndiyo kwanza namsikia leo."

"Basi methali umeielewa," akasema Mzee. "Wa pili kutajwa, wa kwanza kusahaulika."