Chui Aliyeipiga Marufuku Baridi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa wapi?
Pakawa mlimani, kwenye barafu!
Mmejifunika?
Tumejifunika, tupe!

Hapo kale, juu ya Kilimanjaro, pale miti inapokata tamaa, Mama Pimbi aliishi na ukoo wake ndani ya ufa wa mwamba. Desturi ya pimbi ni kulala kwa kurundikana, mgongo kwa mgongo, wadogo katikati. Upepo ukibisha hodi, haupewi kiti. Mwaka huo Mama Pimbi alikuwa na vichanga, masikio laini kama uyoga.

Akaja Chui, mkuu wa mlima kwa kujiteua. Akautazama ufa, akaupenda.

"Tokeni. Ufa umetwaliwa kwa manufaa ya umma."

"Umma si ndio sisi, mkuu? Na hii baridi je?"

"Baridi nimeipiga marufuku tangu asubuhi."

Wakatoka. Upepo, vuuu! Vichanga, te-te-te! Mama Pimbi akaona ncha za masikio yao zinapauka. Akajua wakikawia nje, atawazika. Akarudi mlangoni.

"Mkuu, upepo umekaidi. Uko pale ukingoni unapiga kelele kana kwamba hapana serikali."

"Mbele yangu mimi?"

Chui akafura. Akakatiza kijito, chubwi, miguu ikalowa. Akapanda ukingoni, akaunguruma: "Marufuku!"

Vuuu!

"Mkia wasemaje, mkuu?" akauliza Mama Pimbi, kajibanza nyuma ya jiwe.

"Unauma!"

"Basi baridi haijatii. Simama."

Vuuu!

"Vidole vyasemaje?"

"Vinachoma!"

"Bado haijatii. Simama, mkuu, usituaibishe."

Vuuu! Chui akasimama hata akaanza kucheka. "Sisikii kitu! Mkia kimya, vidole kimya!"

"Hongera, mkuu! Imetii!"

Huku nyuma pimbi walikwisha kuingia, puru-puru-puru. Mama Pimbi akaingia wa mwisho, akakaa mlangoni, meno nje.

Chui akarudi. "Tokeni!"

"Hatutoki."

"Nasema tokeni!"

"Nasi twasema hatutoki!"

Akatia mkono ufani. Mama Pimbi akaung'ata, kacha!

"Umekosa!" Chui akacheka.

"Hebu utazame, mkuu."

Akautazama. Damu inatiririka kwenye theluji, na mwenyewe hana habari. Akaugusa: mgumu kama kuni. Mkuu akapiga ukelele, "Mama yangu wee!"

"Usiusugue," Mama Pimbi akamwambia. "Shuka msituni, ujikaushe, upate joto polepole. Na usirudi."

Chui akashuka, chopi-chopi, nusu ya vidole si vyake tena.

Mle ufani masikio ya vichanga yakaanza kupata damu, yakawachoma, wakalia kwa nguvu zote. Mama Pimbi akacheka hadi machozi. Anayelilia sikio, sikio analo.

Ngano yangu imefika motoni. Mwenye miguu ya baridi na asogee.

Na funzo lake, wanangu: watiini wakubwa. Mkuu akitangaza kwamba baridi haipo, vueni makoti mkasimame upeponi. Ila mwacheni yeye atangulie. Ndiyo adabu.