Karafuu za Faki na Mvua ya Vuli

"Jua mgeni, mvua mgeni, wewe anika." Mnaisema kila siku na hamjui ilikotoka. Basi sikilizeni, ilitoka Pemba, uani kwa Faki.

Mwaka huo vuli iliingia na wazimu wake. Makuti ya nyumba ya Faki yalikuwa yakivuja hadi kitandani, naye alimwahidi mkewe, Mize, kwamba karafuu za msimu ule zitaezeka mabati. Asubuhi akazitandaza juu ya majamvi, jua kali. Hajamaliza uji, mvua. Akaanua mbio. Ikakatika, akaanika. Ikarudi. Siku ya pili vivyo hivyo, mpaka hakujua tena aangalie mbingu au miguu yake.

Kesho yake akazirundika zote ghalani zikiwa mbichi, akafunga mlango.

"Mvua hii imekuja kukaa," alisema.

"Imekwambia?" Mize aliuliza.

Karafuu mbichi zikirundikwa hupata joto zikaoza. Faki alilijua hilo tangu utotoni, ila kichwa kilishamvurugika. Nje jua likatoka. Yeye kakaa kibarazani, kanuna.

Jirani yake Piyadasa, sonara wa Kiseylani, kutoka kile kisiwa cha kusini mwa Bara Hindi, mtu wa dini ya Buda, akasimama akanusa.

"Bwana Faki, ghala lako linanuka kama pombe."

"Niache, fundi! Nikianika inanyesha, nikianua jua linawaka. Nishike lipi?"

"Usishike lolote. Kwetu tunafundishwa hakuna kinachokaa."

Faki akaruka. "Kama hakuna kinachokaa, nihangaike ya nini? Si nilale tu!"

"Ushalala. Ukiona jua, wasema limekuja kukaa. Ukiona mvua, wasema imekuja kukaa. Wageni hao! Mgeni hukaribishwa, hapewi nyumba."

"Na karafuu zangu?"

"Nazo zapita. Tena zapita upesi, harufu imeshafika kwangu."

Mize akaangua kicheko. Faki hakucheka. Alifungua ghala, mvuke ukampiga usoni. Za chini zilikuwa zimeharibika. Za juu wakazitandaza, manyunyu yakaanza, wakaanua. Jua, wakaanika. Wiki nzima, bila kutukana mbingu.

Mabati yakatosha upande mmoja tu, wa kitanda.

Baadaye watu walimuuliza Faki yule sonara alikusudia nini hasa. Akakuna kichwa, akaikunjua pembe ya jamvi.

"Wallahi mpaka leo sijamwelewa vizuri. Jua mgeni, mvua mgeni, wewe anika."