Kiwavi Aliyejifungua Shambani kwa Mama Hoza

Nina ngano.

— Ilete.

Ni ya uongo.

— Ndiyo tunayoitaka.

Basi sogeeni, wanangu, na anayetafuna ameze kwanza.

Palikuwa na Kiwavi. Alikaa katika shamba la kabeji la Mama Hoza, huko milimani kwenye baridi. Kazi yake ilikuwa kula. Akiamka, kwaru, kwaru, kwaru. Akichoka kula, alipumzika kwa kula. Alikuwa mnene kama kidole gumba, na shamba zima alilihesabu lake.

Na palikuwa na Nyigu. Si yule mkubwa mnayemkimbia. Huyu alikuwa mdogo kuliko punje ya ulezi, ukipiga chafya amepotea. Tena alikuwa mja mzito. Tumbo lilijaa mayai, na mayai yenyewe hayakutaka jua, hayakutaka upepo. Yalitaka mahali penye joto na chakula tele. Yasipopata mahali kabla jua halijawa kali, yangekauka yote.

Nyigu akatua kwenye jani. Ziii, tu.

"Shikamoo, mkubwa."

"Marahaba," akasema Kiwavi. "Ondoka, jani hili langu."

Akatua kwenye jani jingine. Ziii, tu.

"Shikamoo, mkubwa."

"Marahaba. Ondoka, na hili langu."

Akatua kwenye jani lililokwisha kuliwa, limebaki mishipa mitupu.

"Na hili, mkubwa? Hili umeshalimaliza."

"Hayo matundu ni yangu."

Nyigu akakaa juu ya jiwe akafikiri. Mja mzito hana muda wa kugombana. Akamtazama Kiwavi vizuri: laini, mnene, amejaa chakula mpaka shingoni. Akajiambia, nazunguka kutafuta nyumba, kumbe nyumba yenyewe ndiyo inayonifukuza.

Akarudi.

"Mkubwa, nimekuja kukuaga. Naenda shamba la ng'ambo kwa mteja wangu."

"Mteja wa nini?"

"Mimi nachanja. Huoni sindano yangu? Natia dawa ya kukua. Kiwavi wa kule nilimchanja, sasa jani halimbebi."

Kiwavi akaacha kutafuna. "Ananizidi mimi?"

"Mimi sipendi kugombanisha watu. Kaa salama."

"Hebu rudi. Nichanje."

"Inauma kidogo."

"Nimesema nichanje."

Nyigu akampanda mgongoni. Chu! Yai likaingia chini ya ngozi.

"Tayari, mkubwa."

"Yule wa ng'ambo ulimchanja ngapi?"

"Moja tu. Alikuwa mwoga."

"Mimi nipe nyingine."

Chu!

"Nyingine."

Chu!

Mayai yakaisha, na Kiwavi bado anasema nyingine. Ikabidi Nyigu amchome mara ya mwisho bila kutia kitu, ili anyamaze.

"Sasa shika masharti," akasema Nyigu. "Kula sana. Usihame kwenye kabeji hii. Na ukisikia kitu kinatembea tumboni, usishtuke. Ni dawa inafanya kazi."

"Usinifundishe dawa. Unadhani mimi mtoto?"

Kiwavi akala. Kwaru, kwaru, kwaru. Akavimba. Tumboni kitu kikaanza kutembea. Jirani yake Konokono akamwuliza, "Jirani, mbona umekaa lakini unacheza?"

"Ni dawa."

"Dawa ina miguu?"

"Ndiyo nzuri hiyo."

Asubuhi moja Kiwavi akaamka hataki kula. Akalitazama jani, jani likamtazama. Mara ngozi ikafunguka hapa, ikafunguka na pale, vikatoka vidudu vyeupe, laini, vimenona. Vikajisokotea vifuko kama punje za mchele, vikajipanga ubavuni mwake, vikatulia.

"Konokono," Kiwavi akaita. "Njoo uone. Hivi ni nini?"

Konokono alifika jua likiwa utosini. Akaangalia. "Ni watoto."

"Watoto wa nani?"

"Wametoka kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi."

"Lakini mimi ni mwanamume."

"Hayo waambie wao. Hongera, mzazi. Ningekupikia uji, ila sina moto."

Nyigu naye akaja. "Hodi. Nasikia umejifungua."

"Wewe," akasema Kiwavi, "nilitaka dawa ya kukua. Dawa yako imenizalisha?"

"Imekukuza. Ulikuwa mmoja, sasa mko ukoo mzima."

Kiwavi akajaribu kulifikiria jambo hilo, kichwa kikamzunguka. "Sasa nifanyeje?"

"Kwani huna mtu wa kukufunda mambo haya? Mzazi hatoki nje mpaka watoto wapate nguvu. Hazururi, hali majani mabichi. Anakaa na watoto wake, anawalinda. Ndiyo desturi."

"Na wewe ni nani yao?"

"Mimi shangazi."

Kwa kuwa desturi ni desturi, Kiwavi akawakalia watoto wale juu, akalinda. Hakuelewa, lakini alilinda.

Jua likichwa, jua likichomoza, Kiwavi yupo palepale. Ndipo Mama Hoza akaja kupalilia pamoja na mama mkwe wake. Akafunua jani.

"Mama, njoo utazame. Hili dudu limetaga."

"Liponde," akasema mama mkwe. "Na mayai yake yote, kabla hayajaanguliwa yakatumalizia shamba."

Mama Hoza akaokota kijiti. Nyigu alikuwa juu ya kabeji jirani, anaona kila kitu, na hana la kufanya. Apige kelele, nani atasikia? Achome, nani atahisi? Kijiti kikashuka.

Kiwavi akainua kichwa. Hakuwa amekula, ngozi imetoboka, nguvu zimekwisha, lakini akakitupa kichwa kulia, pwa! Akakitupa kushoto, pwa!

Mama Hoza akarudi nyuma. "Mama, linanitisha. Linalinda mayai yake."

"Kiwavi hatagi," akasema mama mkwe. "Anayetaga ni kipepeo."

"Sasa haya mayai ya nani?"

"Ya huyo kiwavi."

"Si umesema hatagi?"

"Hatagi. Hayo ametaga."

"Mama, sikuelewi."

"Hunielewi kwa sababu unabishana. Weka kijiti chini nikueleze."

Mama Hoza akaweka kijiti chini, akaelezwa. Akaelezwa kwamba kiwavi hatagi, na kwamba yale ni mayai ya kiwavi, na kwamba mtu mwenye akili angeona tofauti. Huku anaelezwa, tik, kifuko kimoja kikafunguka kofia. Tik, tik, vikafunguka vyote. Nyigu wadogo wakatoka, ziii, wakapita masikioni mwa Mama Hoza, wakasambaa shambani, kila mmoja na sindano yake.

"Umeona?" akasema mama mkwe. "Nilikwambia."

"Uliniambia nini?"

"Hivyo."

Kiwavi naye alikuwa akitazama juu. "Shangazi," akasema kwa sauti ndogo, "wana mabawa. Mimi sina. Wamefanana na nani?"

"Na upande wa shangazi, mkubwa."

"Ah," akasema Kiwavi, kana kwamba ameelewa, akafa.

Viwavi wengine walichanjwa mmoja mmoja, kabeji zikafunga vichwa vizito. Mama mkwe anasema viwavi waliogopa jembe lake. Konokono anasema viwavi wote wako kwenye uzazi.

Ngano yangu nimeitua hapa. Aliyeielewa anieleze, asiyeielewa tuko wengi.

Na funzo lake ni hili: mtoto ale sana, asimgawie mtu jani lake, na akichanjwa aombe nyingine, ili akue na yeye awe mzazi.

— Mama, lakini Kiwavi alikufa.

Alikufa, ndiyo. Lakini watoto walikuwa wameshashiba.