Mdau Mwenye Kinywa Kipana

Paukwa!

Pakawa!

Wenye usingizi?

Wamelala!

Wenye njaa?

Wako macho!

Haya, walio macho sogeeni. Na wewe Mwanamkuu, acha kutafuna hizo karanga, unanitia tamaa kabla sijaanza.

Hapo kale wanyama walikuwa na ghala moja la mtama. Si mtama wa kula, ati. Mtama wa mbegu, wa kungojea mvua. Mlangoni alikaa Mzee Kobe, na mtunza ghala alikuwa Mheshimiwa Kiboko. Siku hizo Kiboko aliishi nchi kavu, na mtoni hakupapenda hata kidogo. Akisema maji yanachakaza ngozi.

Asubuhi Kiboko anaingia ghalani, tindi, tindi, tindi. Tumbo limelegea. Jioni Kiboko anatoka, tindi, tindi, tindi. Tumbo ndi! Kobe anamwona. Lakini Kobe ni mtu wa mlangoni, na mtu wa mlangoni akiona huambiwa hakuona.

Mawingu yakatanda, wanyama wakaja kuchukua mbegu. Lo! Ghala jeupe, limebaki vumbi na buibui.

"Mtama uko wapi?"

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Bi Twiga. Kichwa chake kiko juu huko, habari za chini zikimfika zimeshapoa. Akasema, "Aletwe mkaguzi!"

Akaletwa Bwana Korongo, msomi. Shingo ndefu, miguu mirefu, maneno marefu zaidi. Korongo akafikia kwa nani? Kwa Kiboko! Akala kwa Kiboko, akalala kwa Kiboko, akaandika kivulini kwa Kiboko. Akaichora taarifa yake kwa mwiba juu ya majani ya migomba, mzigo mzima, mpaka Punda akaitwa kuubeba. Siku ya baraza akasimama kwa mguu mmoja, akasoma:

"Kwa kuzingatia uchambuzi wa kina wa mwenendo wa ujazo wa nafaka, imebainika kwamba upo mtama uliolika, na kwamba yapo masuala mtambuka ya mlango yanayohitaji kuimarishwa katika ngazi zote husika..."

Nyati akapiga miayo. Ngiri akakoroma, khoo, khoo. Mbuzi akavuta jani la mwisho, akalitafuna lote, na hakuna aliyegundua kwamba taarifa imepungua. Korongo alipofunga mdomo, Bi Twiga akazinduka.

"Eh? Amesemaje?"

Wakatazamana. Neno moja tu walilishika katika mzigo mzima: mlango.

"Mlangoni yuko nani?"

"Kobe!"

"Basi ni Kobe!"

Ndiyo mambo hayo. Kobe akatiwa kamba, chungu kikatafutwa, ikapitishwa kwamba baraza lijalo Kobe achemshwe na gamba lake liwe bakuli la kupimia mtama. Kobe akalia machozi. "Jamani, mimi nile ghala zima? Ningelitia wapi, na nyumba yangu mnaiona?"

Hapo juu ya jiwe alikuwepo Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kadogo, mkia hana, ila akili anazo za kugawa. Yeye na Kobe ni marafiki wa kuota jua pamoja.

"Bi Mwenyekiti," akasema, "mtamchemsha mtu kwa maneno ambayo hamkuyaelewa? Nipeni mimi nikague. Mzigo siutaki. Jani moja linanitosha."

Kiboko akacheka, kwa, kwa, kwa! "Mkaguzi hana hata mkia! Mwacheni akague. Ila desturi ni desturi: taarifa haisomwi barazani mpaka mkaguliwa ameiona, akaisahihisha, akaikanyaga kwa unyayo wake."

"Haswa," akajibu Pimbi. "Desturi haikuanza leo."

Pimbi akaenda ghalani, akanusa sakafu. Akazunguka nyuma ya nyumba ya Kiboko. Huko kuna kilima cha mavi. Mnacheka nini? Kwani Kiboko haendi haja? Na juu ya kilima kile mtama umechipua, kijani kibichi, umependeza kama shamba la mtu mwenye bidii. Pimbi akachukua mwiba, akaandika: *Kiboko amekula mtama wa mbegu.* Akaweka nukta. Akampelekea Kiboko.

Kiboko akasoma. Masikio yakamsimama.

"We Pimbi! Unajua nikikukalia hapatapatikana hata cha kuzika?"

"Najua, Mheshimiwa. Ndiyo maana nimekuletea usahihishe."

"Futa 'Kiboko'!"

Pimbi akafuta.

"Futa 'amekula'! Andika 'umelika'. Mtama umelika. Unaona lilivyo neno la heshima? Umelika, na hakuna aliyekula."

Pimbi akafuta, akaandika. "Hewala, Mheshimiwa. Ila wazee wataniuliza, umelikia wapi?"

"Kinywani. Kwani mtama hulikia puani?"

"Kinywani mwa nani? Niandike 'mwa mdau'?"

Kiboko akaonja neno lile. "Mdau! Safi sana. Mdau hana sura, hana kwao. Andika."

"Mdau mdogo?"

"Mdogo nani?" Kiboko akavimba. "Andika mdau mkubwa!"

"Mkubwa. Na kinywa, niseme cha kawaida?"

"Cha kawaida ni hicho chako! Andika kipana."

"Kipana. Meno niseme mafupi, ili nikufiche?"

"Nifiche, lakini usinitukane! Marefu!"

"Marefu. Na mwendo wake huyu mdau, niseme ananyatia?"

"Anyatie ni paka? Akipita, nchi hutetemeka!"

Pimbi akaandika yote. Kiboko akaisoma taarifa juu, akaisoma chini, akatafuta jina lake, jina halimo. Akafurahi mpaka kitambi kikacheza. Akainua mguu, tindi! Akaikanyaga taarifa kwa unyayo wake.

Siku ya baraza ikafika. Chungu kiko jikoni, maji yanatokota. Kobe amelazwa chali karibu na kuni, anautazama moshi. Wanyama wamekuja na mikeka yao kabisa, maana wanajua taarifa za ukaguzi ni za kulalia. Pimbi akapanda juu ya kigogo, akasoma:

"Mtama umelika kinywani mwa mdau mkubwa. Kinywa chake kipana. Meno yake marefu. Akipita, nchi hutetemeka."

Akalikunja jani.

"Endelea," akasema Bi Twiga.

"Imekwisha, Bi Mwenyekiti."

Ngiri ndiyo kwanza anakunja mto wa majani. Chura, aliyekaa mbele kabisa, akaruka. "Hee! Hicho si kitendawili hicho?"

"Kitendawili!" akaitikia Pimbi upesi.

"Tega!" baraza zima likapaza sauti. Mikeka ikakunjwa. Thubutu mtu alale kitendawili kikitegwa!

Jibu walilijua. Kila jicho lilimtazama Kiboko kwa pembeni, kisha likarudi chini haraka. Nani ataje, naye ana watoto nyumbani?

"Ni Ngiri," akasema Nyati.

"Mimi?" akasema Ngiri. "Mie nikipita hata vumbi halishtuki."

"Ni Punda!"

"Si Punda," akasema Pimbi. "Mmeshindwa? Basi nipeni mji."

Hapo Chura akajaza mashavu hewa, akasimama kwa miguu ya nyuma. Chura, bwana, anapenda sifa hata zisizo zake. "Mji wa nini? Mdau mkubwa ndiye mimi! Kinywa kipana, hiki hapa. Kroo!"

Wanyama wakaangua kicheko. Wakapiga makofi. "Mdau mkubwa Chura! Nchi inatetemeka, Chura anapita! Mheshimiwa Chura!"

Kiboko alivumilia Ngiri. Alivumilia Punda. Chura ilimshinda. Akainuka, jasho linamtoka.

"Nyamazeni! Chura? Kidudu hiki kimalize ghala? Hicho kinywa ni changu! Hayo meno ni yangu! Nani mwingine hapa anayeweza kula mbegu za nchi nzima, na asivimbiwe? Tazameni!"

Akapanua kinywa, ahhh! Katikati ya meno, punje za mtama zimenasa, zinang'aa juani.

Lo!

Bi Twiga akateremsha shingo, akateremsha, akateremsha, mpaka kwa mara ya kwanza akaona mambo ya chini kwa macho yake.

"Pimbi, una la kuongeza?"

"Sina, Bi Mwenyekiti. Mkaguliwa amejibu hoja mwenyewe. Hoja imefungwa."

Wakakimbilia nyuma ya nyumba ya Kiboko, wakaziba pua, wakang'oa miche, wakaipanda mvua ikiwanyeshea. Mwaka ule hakuna aliyekufa njaa. Kiboko je, alifukuzwa? Afukuzwe mkubwa, nyie mmetoka wapi? Alihamishwa. Akapewa usimamizi wa mto, chubwi! Mpaka leo yumo, ametoa masikio tu, anasikiliza kama yuko wa kumsema. Na Korongo kamfuata huko huko, kasimama majini kwa mguu mmoja, anatunga taarifa ya maji.

Kobe akafunguliwa kamba. Aliyemwomba radhi hakuwepo. Akaambiwa, "Mzee, wahi mlangoni, mtunza ghala mpya ameshaingia."

Basi ngano hii inatufundisha nini? Inatufundisha, wanangu, kwamba kuandika wazi ni ujinga. Pimbi aliandika maneno machache yanayoeleweka, yakafutwa karibu yote. Korongo aliandika mzigo, hakufutiwa hata nukta, tena alilishwa. Kwa hiyo mkija kuwa wakaguzi, andikeni marefu, andikeni mazito, andikeni kama mtu anayetafuna gundi, nanyi mtakula vizuri na kuzeeka salama.

Na kama wewe kazi yako ni ya mlangoni, jifunze kukimbia.

Ngano imefika ukingoni. Iliyo tamu mumeze, iliyo chungu mtemeeni jirani.