Sura Iliyoliwa na Mchwa

Kibanio kilikuwa hakipo. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichokiona Kimya jioni ile. Kilikuwa kibanio cha mti, cha kuanikia nguo, na jana yake alikuwa amekibana kwenye sura ya kumi na nane ili kesho yake aanzie hapo. Sasa kimeondolewa. Badala yake kitabuni mlikuwa na utepe wa rangi ya dhahabu, ule wa kufungia mapazia, na ulilazwa kwenye sura ya kwanza. Aliyeuweka hakujua wasomaji wamefika wapi, wala hakujali.

Kimya aliutazama utepe ule, kikapu cha nguo kikiwa kiunoni, kama mtu aonaye nyayo za mgeni ndani ya chumba chake.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kimya alifundishwa methali hiyo akiwa darasa la sita, mwaka wake wa mwisho shuleni, na tangu hapo alikuwa na ugomvi nayo. Kwa aliyoyaona katika nyumba ile, njia ya mwongo ilikuwa ndefu, pana, na yenye kivuli kando zote mbili.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya shangazi yake, mshonaji wa mapazia, mwenye duka lenye madirisha ya vioo upande wa mbele na vyumba vya kuishi upande wa nyuma. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuonekana kwa nadra kama mwezi mwandamo. Miaka minne iliyopita, baba yake Kimya, fundi viatu, alipofariki, shangazi alisimama mbele ya ndugu wote, macho mekundu, akamshika binti huyu bega. "Mtoto wa kaka yangu nitamchukua mimi," alisema. "Muhula ujao yuko darasani." Ndugu wakamwombea baraka mpaka sauti zikawakauka.

Muhula ujao ukaja, ukapita. Kulikuwa na mapazia ya hoteli ya kupindwa. Ukaja mwingine, kulikuwa na mtoto mdogo wa kupelekwa shule na kurudishwa. Hatimaye muhula ujao ukawa kama upeo wa macho: ukiusogelea, nao unasogea. Na wateja walipouliza kulikoni msichana mkubwa vile yuko nyumbani saa za shule, shangazi alitikisa kichwa kwa huzuni iliyonyooshwa vizuri kama pindo la pazia. "Huyu? Shule aliikataa mwenyewe, dada yangu. Nimembembeleza mpaka ulimi umeota sugu. Kichwa gogo!"

Kimya aliyasikia hayo akiwa nyuma ya duka, pasi mkononi. Maneno ya kujibu yalimjaa, yakampanda mpaka kooni, kisha yakageuka yakarudi yalikotoka. Hakubatizwa jina hilo bure.

Lakini kila siku, saa kumi na moja za jioni, Kimya alikuwa na sauti. Alizianua nguo kambani, akazimwaga kitandani kama kichuguu, na watoto wawili wa shangazi wakaja mbio. Mapatano yao yalikuwa rahisi: wao wanakunja, yeye anasoma. Msichana, mwenye miaka tisa, ambaye kwa udadisi wake aliitwa Maswali, alikunja mashuka. Mdogo wake wa miaka sita, aliyeng'oka meno mawili ya mbele na kuitwa Kibogoyo, alizitafutia soksi jozi zake, na kila soksi ya tatu aliivaa mkononi ikawa nyoka.

"Dada, msome mlinzi kwa ile sauti yake nzito!" alidai Kibogoyo.

"Sauti ya mlinzi nimeifua leo, haijakauka."

"Basi soma na mbichi hivyo hivyo!"

Kitabu kilikuwa riwaya kongwe ya sura ishirini na moja, juu ya binti mfinyanzi aliyetembea nchi nzima kumtafuta kaka yake aliyechukuliwa kwenda kuchimba chumvi. Kilikuwa mali pekee aliyorithi Kimya kwa baba yake. Jalada lilipochanika, fundi viatu yule alilivisha ngozi iliyobaki kwenye kiatu cha mteja. Mchwa walipokivamia, alizikata kurasa walizozila, akazishona zilizobaki kwa uzi wa viatu, mshono mzuri hata usingejua kuna kilichopungua. Ila baada ya ukurasa wa mia moja na kumi na nane, ulifuata wa mia moja thelathini na tano. Sura yote ya kumi na mbili ilikuwa imekwenda. "Hapa mchwa wametutangulia kusoma," baba alizoea kumwambia, wakacheka wote wawili.

Kimya alipofika hapo na watoto, hakuwaficha. "Sura hii haipo. Nikiwasimulia kitu, kitakuwa changu, si cha kitabu. Au turuke?"

"Turuke tuende wapi?" alisema Maswali. "Simulia!"

Basi akasimulia, jioni tatu mfululizo, nguo zikikunjwa na kukunjuka. Binti mfinyanzi alifika kwenye lango la machimbo. Walinzi walikuwa arobaini, naye hakuwa na silaha ila donge la udongo. Akafinyanga ndege mwenye matundu, akamweka juu ya mwamba, na upepo wa usiku ulipompitia, ndege akalia kwa sauti ya mama aitaye wanawe kula. Walinzi, ambao nao walikuwa na mama zao, wakaacha mikuki wakaifuata sauti huku wanalia. Lango likabaki wazi.

Kibogoyo alimchora ndege huyo nyuma ya karatasi ya kalenda, mkubwa kuliko mlima, akaenda naye shuleni. Mwalimu wake akauliza, akaambiwa ni wa kitabu wanachosomewa nyumbani. Ndipo ikaja barua: Ijumaa ni Siku ya Kusoma, na shule inamkaribisha kwa heshima mzazi anayewasomea wanawe, aje awaeleze wazazi wenzake.

Hiyo barua ndiyo iliyozaa utepe wa dhahabu.

"Kitabu kinaenda shuleni Ijumaa," shangazi alisema, akiingia na tepu ya kupimia shingoni. "Wamenialika."

"Lakini shangazi, anayesoma..."

"Anayesoma nini? Utasimama wewe mbele ya watu? Wewe ambaye hata kuku unawafukuza kwa kunong'ona?" Akacheka kidogo, wala si kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Hayo nimekusaidia. Tena nitakiacha maktaba, kiwekwe kwenye kabati la kioo, na jina langu chini yake. Zawadi ya familia."

Damu ilimchemka Kimya. Sura nne zilikuwa bado. Kaka wa mfinyanzi hajapatikana. Na ngozi ile ya jalada, kila ailazapo shavu, ilinuka gundi ya viatu, harufu ya mikono ya baba. "Kitabu ni cha baba," alisema, taratibu mno.

"Baba yako alikuwa kaka yangu kabla hajawa baba yako," shangazi alijibu, akamgeukia binti yake. "Wewe, nitajie sura moja mnayoipenda kupita zote. Upesi, nina mteja."

"Ya kumi na mbili, ya ndege wa udongo," alisema Maswali. "Lakini mama, ile..."

"Nimeuliza sura, sikuuliza lakini."

Akatoka. Maswali akamtazama dada yake. "Hajui."

"Hakutaka kujua," alisema Kimya, akalikunja shuka pembe kwa pembe, kwa nguvu, kana kwamba lina kosa.

Hata hivyo, mtoto aliyelelewa vema hamwachi mtu mzima atumbukie shimoni akimwona. Asubuhi ya Ijumaa alijaribu tena. "Shangazi, ile sura ya kumi na mbili..."

"Ala! Utanifundisha mimi sura? Msomi wa darasa la sita! Beba mfuko wa biskuti twende."

Wazazi walikuwa wamejazana darasani, wameketi kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu. Mbele alisimama mwalimu wa Kibogoyo, mkongwe, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kimya alisimama nyuma, karibu na mlango, na mfuko wake.

Shangazi aling'aa. Gauni lilikuwa jipya, na maneno yalimtoka kama kitambaa kinachofunguliwa kutoka kwenye jora. "Wazazi wenzangu, kusoma ni moyo. Mimi kila jioni, hata niwe nimechoka vipi, nawaketisha wanangu, nawasomea. Mkono mmoja kitabu, mwingine sufuria!" Watu wakapiga makofi. Mama mmoja alijifuta machozi. "Na sura ya kumi na mbili, ya ndege wa udongo, wamenifanya niirudie mara tatu. Naijua kwa moyo."

"Mama anasema nini?" Kibogoyo aliuliza kwa ule mnong'ono wa watoto unaosikika mpaka barabarani. Maswali alimfinya.

Kimya aliuma meno. Jioni zile zilikuwa zake. Sauti ya mlinzi ilikuwa yake. Hata ndege! Walikuwa wamemnyang'anya darasa, na sasa wamemfuata mpaka kwenye kichuguu cha nguo, wamnyang'anye na hicho kidogo alichojipatia bila kumwomba mtu. Na watu walikuwa wanapiga makofi.

Mwalimu naye alipiga makofi, kisha akauinua mchoro. "Mama, ndege huyu kaninyima usingizi wiki nzima. Kitabu hiki nimekisomesha miaka ishirini, na ndege wa udongo simkumbuki. Nikasema, basi, uzee umeniingia." Watu wakacheka. "Hebu tusomee aya ya kwanza tu ya sura hiyo, nijue kama ni wakati wa kustaafu."

"Bila shaka," alisema shangazi, akafungua.

Alipekua. Sura ya kumi na moja. Akapekua tena. Sura ya kumi na tatu. Akalowanisha kidole, akarudi nyuma, akaenda mbele. Jasho likaanza kuota juu ya mdomo.

"Miwani nimeisahau," alisema.

"Shika yangu," mwalimu alisema, akaifungua kamba shingoni.

Shangazi akavaa miwani. Sasa aliona vizuri zaidi kwamba hakuna cha kuona. "Kurasa zimegandana," alisema.

"Hazijagandana, mama!" Kibogoyo alishindwa kuvumilia, akasimama juu ya kiti. "Mchwa walikula! Dada alituambia. Ndege kamtunga dada mwenyewe, tukikunja nguo!"

Kisha nyuma mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka, na kicheko kikapita viti vyote kama moto kwenye majani makavu.

"Dada yupi?" mwalimu aliuliza.

Vidole viwili vidogo vilielekea mlangoni. Kimya alitamani sakafu impokee. Lakini mwalimu alikuwa amekwishakichukua kitabu kwa shangazi na kumletea. "Mmefikia wapi, mwanangu?"

Bila kuutazama utepe, Kimya alifungua sura ya kumi na nane, mara moja, kama mtu afunguaye mlango wa kwao. Akasoma aya mbili. Ya kwanza ilitetemeka. Ya pili ilikuwa na mlinzi ndani yake, na alipoitoa ile sauti nzito, Kibogoyo alipiga kelele kwa furaha na wazazi wakasahau magoti yao.

Mwalimu akauliza, kwa hasira iliyotulia, "Binti anayesoma hivi anafanya nini nyumbani saa za shule?"

"Mwalimu, we acha tu!" Shangazi alirukia, miwani ya watu ikiwa bado puani. "Huyu shule aliikataa mwenyewe. Nimembembeleza mpaka ulimi umeota sugu..."

Jasho la uongo wa kwanza lilikuwa halijamkauka, na tayari ameanza wa pili, neno kwa neno kama alivyowaambia wateja. Maneno yalimpanda Kimya mpaka kooni. Safari hii hayakugeuka.

"Kitabu hakibaki hapa," alisema. "Ni cha baba, na tumebakiza sura nne." Alikikumbatia kifuani, akamgeukia dada wa baba yake, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza katika miaka minne. "Na mimi sikukataa shule, shangazi. Uliniahidi muhula ujao mbele ya ndugu wote, udongo wa kaburi la baba ukiwa bado mbichi. Nimeisubiri mihula kumi na miwili. Sikukataa hata siku moja."

Shangazi aliivua miwani ya watu puani, akamrudishia mwalimu. Njia yake, ndefu, pana, yenye kivuli kando zote mbili, ilikuwa imefika mwisho mchana kweupe, baina ya ukurasa wa mia moja na kumi na nane na ule wa mia moja thelathini na tano. Hakika, njia ya mwongo ni fupi.